Kufunga Ndoa Ng'ambo: Hati Ambazo Mkazi wa Kilifi Anapaswa Kuwa Nazo Kabla ya Kusafiri

Kila mwaka kuna wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaopata wachumba kutoka nchi za nje. Uhusiano wa pwani hii na wageni ni wa miaka mingi. Waitaliano wamekuwa wakiishi na kufanya kazi Malindi na Watamu tangu miaka ya 1960, wakati kituo chao cha anga kilipoanzishwa Ngomeni. Wajerumani na Waingereza wana nyumba Mtwapa, Kikambala na Kilifi mjini. Vijana wetu nao wanakwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar, na wengine wana jamaa Tanga na Zanzibar. Mapenzi hayana mpaka, lakini ndoa ina ofisi, fomu na muhuri.

Shida huanza pale mtu anapokata tikiti kabla ya kukamilisha hati. Anafika kule, anaambiwa karatasi moja haipo au jina halilingani, na siku za viza zinaendelea kuisha. Wengine hurudi nyumbani bila ndoa. Wengine hubaki bila kibali, na kuanzia hapo mtu hana sauti mbele ya mwajiri, mwenye nyumba wala mwenzi anayemtesa. Makala haya yanaeleza hati zinazohitajika, mahali zinapopatikana na mpangilio wa kuzitafuta.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya, Ibara ya 45, inampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, mradi wote wawili wamekubali kwa hiari yao. Ibara hiyo inawapa mume na mke haki sawa wanapofunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inaweka umri wa chini kuwa miaka 18. Inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya Kikristo, ya kiserikali na ya Kihindu ni za mume mmoja na mke mmoja. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu zinaweza kuwa za wake zaidi ya mmoja.

Ndoa iliyofungwa nje ya nchi hutambuliwa hapa Kenya iwapo ilifuata sheria ya nchi ilikofungwa, na iwapo wote wawili walikuwa na uwezo wa kisheria wa kufunga ndoa wakati huo. Kwa hivyo mtu aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja hapa nyumbani hawezi kwenda ng'ambo na kufunga nyingine. Kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jambo hilo kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Wakazi wafahamu kuwa usajili wa ndoa, vizazi, vitambulisho na pasipoti ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo inaweza kumwelekeza mkazi, lakini haitoi hati hizi. Yeyote anayedai kuziuza kwa niaba ya kaunti ni tapeli.

Hatua ya kwanza: Kuuliza ofisi itakayofungisha ndoa

Orodha ya hati hutolewa na nchi ndoa inakofungwa. Kwa hiyo kabla ya kulipia karatasi yoyote, mchumba aliye kule aende kwenye ofisi ya usajili wa ndoa ya mji wake, aombe orodha iliyoandikwa, kisha aitume. Ofisi mbili za nchi moja zinaweza kutofautiana katika jambo dogo, kwa mfano idadi ya nakala au umri wa cheti. Orodha ya rafiki aliyefunga ndoa miaka mitano iliyopita haitoshi.

Hata hivyo, kuna hati ambazo huombwa karibu kila mahali:

1. Cheti cha kuzaliwa.
2. Kitambulisho cha kitaifa na pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kwisha.
3. Cheti cha kutokuwepo kwa pingamizi la ndoa, au hati nyingine inayoeleza hali ya ndoa ya mwombaji.
4. Kwa aliyeachana na mwenzi, amri ya mwisho ya mahakama ya kuvunja ndoa.
5. Kwa mjane, cheti cha ndoa ya awali na cheti cha kifo cha mwenzi.
6. Kwa aliyebadilisha jina, hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa.

Kwa ajili ya viza, nchi nyingi huongeza cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) baada ya alama za vidole kuchukuliwa.

Majina yafanane katika kila hati

Hili ndilo jambo dogo linalochelewesha watu wengi. Chukua mfano wa mwanamke ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Kadzo Kahindi, kitambulisho kinasema Mary Kadzo Kahindi, na pasipoti inasema Mary Kazo Kahindi. Hapa nyumbani kila mtu anajua kuwa ni mtu mmoja. Karani wa ng'ambo ambaye hajawahi kusikia jina la Kigiriama anaona watu watatu.

Mwombaji aweke hati zake zote mezani na kuzilinganisha herufi kwa herufi: majina na mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, majina ya baba na mama. Kosa la tahajia lirekebishwe katika ofisi iliyotoa hati hiyo. Pale ambapo jina limebadilishwa kweli, kwa mfano baada ya ubatizo au kusilimu, inafaa kuandaa hati ya kubadilisha jina kupitia kwa wakili, isajiliwe na kutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali. Kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinaweza kueleza tofauti ndogo, lakini baadhi ya nchi hazikubali kiapo peke yake.

Wakazi wengi wa Ganze, Magarini na Kaloleni walizaliwa nyumbani na hawakuwahi kuandikishwa. Hao huanza na usajili wa kuchelewa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Ushahidi unaosaidia ni kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu. Usajili wa namna hii huchukua muda mrefu kuliko kuomba nakala ya cheti kilichopo tayari, kwa hivyo ndio unaopaswa kutangulia.

Kueleza ukweli kuhusu hali ya ndoa

Swali la "Je, umewahi kuoa au kuolewa?" linaonekana rahisi. Kwa wakazi wengi jibu lake linahitaji kutafakariwa.

Sheria ya Ndoa inasema kwamba pale mila inapohitaji mahari, kutolewa kwa sehemu ndogo tu ya mahari hiyo kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Mwanamke ambaye wazee walipokea mbuzi na mnazi kwa ajili yake miaka kumi iliyopita, hata kama aliishi na mume huyo miezi michache tu, huenda bado ni mke wa mtu mbele ya sheria. Kurudisha mahari kwa wazee ni hatua ya kimila yenye heshima yake, na sheria inaruhusu wazee kupatanisha. Lakini ndoa ya kimila huvunjwa kisheria na mahakama. Anayetaka kuapa kuwa hana mume au mke apate kwanza amri ya mahakama.

Kwa ndoa ya Kikristo, ya kiserikali au ya Kihindu, hukumu ya awali ya talaka haitoshi. Kinachohitajika ni amri ya mwisho. Kwa Waislamu, talaka iliyotamkwa nyumbani mbele ya mashahidi iandikishwe kwa Kadhi na kupatiwa cheti, kwani ofisi ya ng'ambo haitapokea maneno.

Vipi kuhusu waliokaa pamoja bila ndoa? Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kuwa kukaa pamoja kunaweza kuchukuliwa kuwa ndoa katika hali chache tu, na kwamba anayedai hivyo lazima athibitishe. Hata hivyo, waliokaa pamoja miaka mingi na kupata watoto wafaa kumwona wakili kabla ya mmoja wao kula kiapo.

Kuficha ndoa ya awali hakuishii kwenye siku ya harusi. Mwenzi wa zamani anaweza kujitokeza baada ya miaka kumi, ndoa ya ng'ambo ikabatilishwa, kibali cha kuishi kikafutwa, na watoto wakaingizwa katika mvutano wa urithi.

Cheti cha kutokuwepo kwa pingamizi la ndoa

Hati hii ndiyo inayozungumziwa sana. Inaeleza kwamba kulingana na sheria za Kenya hakuna jambo linalomzuia mwenye cheti kufunga ndoa na mtu aliyetajwa. Sheria ya Ndoa inamruhusu Mkenya anayetaka kufunga ndoa katika nchi inayodai cheti hicho kukiomba kwa Msajili wa Ndoa, aliye chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Makao makuu ya ofisi hiyo ni Sheria House, Harambee Avenue, Nairobi, na ina matawi katika miji kama vile Mombasa. Maombi huanzia kwenye tovuti ya eCitizen, katika huduma za ndoa, ambako cheti hiki kimeorodheshwa kwa jina Certificate of No Impediment.

Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa na:

• Nakala ya kitambulisho na pasipoti yake.
• Nakala ya pasipoti ya mchumba.
• Cheti cha kuzaliwa.
• Kiapo kinachoeleza hali yake ya ndoa.
• Amri ya mwisho ya talaka au cheti cha kifo, ikiwa inahusu.
• Picha za pasipoti.

Ada huonyeshwa kwenye eCitizen wakati wa kuomba na hulipwa huko huko. Mwombaji ahifadhi stakabadhi na nambari ya ombi lake. Asiye na simu ya intaneti au asiyejua kutumia tovuti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre iliyo karibu naye.

Cheti hiki hakikai milele. Nchi nyingi hutaka kiwe kimetolewa karibuni, na baadhi huweka kikomo cha miezi 3 au 6. Kukitafuta mapema mno ni hasara sawa na kukichelewesha. Vyeti ambavyo havipitwi na wakati, kama cha kuzaliwa na amri ya talaka, vitangulie. Cheti cha pingamizi kiombwe tarehe ya ndoa ikiwa inajulikana.

Uthibitisho wa hati na tafsiri

Karani wa Roma au Hamburg hawezi kujua kama muhuri wa Kilifi ni wa kweli. Ndiyo sababu hati hupitishwa katika mlolongo wa uthibitisho, kila ofisi ikithibitisha saini ya ofisi iliyotangulia. Kwa hati za Kenya, njia iliyozoeleka ni hii:

1. Ofisi iliyotoa hati inathibitisha kuwa ni yake. Hati zilizoandaliwa na wakili mthibitishaji hupelekwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu.
2. Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, inaweka muhuri wake.
3. Ubalozi wa nchi ndoa inakofungwa unathibitisha muhuri wa Wizara.
4. Mtafsiri anayetambuliwa na nchi hiyo anatafsiri hati, kabla au baada ya hatua ya tatu, kulingana na agizo la ubalozi.

Huenda mchumba aliye Ulaya akataja apostille. Huo ni muhuri mmoja unaotumiwa baina ya nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na hufupisha mlolongo huu. Mwombaji aulize Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi husika ni njia gani inatumika kwa hati yake, na asilipe wakala anayemwahidi muhuri huo mitaani.

Makosa matatu hujirudia katika hatua hii. La kwanza ni kupeleka nakala mahali panapotaka hati asili. La pili ni kutafsiri hati kabla ya mihuri yote kuwekwa, halafu mihuri mipya inabaki bila tafsiri. La tatu ni kuweka plastiki ngumu kwenye cheti cha kuzaliwa, kwani muhuri hauwezi kupigwa juu ya plastiki. Aliyefanya hivyo aombe nakala mpya ya cheti.

Mfano kamili: Kufunga ndoa Italia

Italia inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu inawahusu wakazi wengi wa Malindi na Watamu.

Kifungu cha 116 cha Kanuni ya Kiraia ya Italia kinamtaka mgeni alete tamko la mamlaka ya nchi yake kwamba hakuna kinachomzuia kufunga ndoa. Waitaliano huliita nulla osta. Tamko hilo hupatikana kwa njia mbili. Linaweza kutolewa na Ubalozi wa Kenya mjini Roma, kisha likapigwa muhuri katika ofisi ya serikali kuu ya mkoa, iitwayo Prefettura. Au linaweza kutolewa Kenya, likathibitishwa na Ubalozi wa Italia na kutafsiriwa kwa Kiitaliano. Kwa vyovyote vile liwe na majina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, uraia, makazi na hali ya ndoa. Likikosa jina la mama, karani analirudisha.

Wachumba huenda kwenye ofisi ya manispaa, iitwayo Comune, kuomba tangazo la ndoa. Tangazo hubandikwa kwa siku zisizopungua 8. Baada ya hapo ndoa ifungwe ndani ya siku 180, la sivyo mchakato unaanza upya. Asiyeelewa Kiitaliano huja na mkalimani, wakati wa tangazo na siku ya ndoa yenyewe. Mashahidi wanahitajika pia.

Sheria ya Italia ina sharti jingine linaloshangaza wengi. Mwanamke aliyeachika au kufiwa na mume hutakiwa kungoja siku 300 tangu ndoa ya kwanza iishe, isipokuwa katika hali ambazo sheria hiyo yenyewe inaruhusu. Mjane wa miezi minne aulize kuhusu jambo hili kabla ya kununua tikiti.

Kuhusu viza, mgeni wa muda mfupi katika nchi za Schengen haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na lazima awe na bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ni vyema tamko, tafsiri na mihuri yote iwe tayari kabla ya safari, ili siku 90 zitumike kwa tangazo, ndoa na maombi ya kibali cha kuishi.

Nchi nyingine kwa ufupi

*Ujerumani.* Hati za Kenya huchunguzwa kwa undani kupitia ubalozi wake Nairobi, na uchunguzi unaweza kufika hadi hospitali au shule ya mwombaji. Ombi huanzishwa na ofisi ya ndoa ya Ujerumani na linaweza kuchukua miezi. Anayetaka kufunga ndoa na kubaki huko huhitaji viza ya kitaifa wala si ya utalii, na kwa kawaida athibitishe kiwango cha kwanza cha Kijerumani, A1. Mtihani huo hufanywa katika Goethe-Institut, Nairobi. Baadhi ya wachumba huchagua kufungia ndoa Denmark, ambako idara ya sheria za familia hukagua hati na kutoa cheti kinachodumu miezi 4.

*Uingereza.* Wachumba hutoa notisi katika ofisi ya usajili siku 28 kabla ya ndoa, na notisi hiyo inaweza kuongezwa hadi siku 70 kwa uchunguzi wa uhamiaji. Kuna viza ya kwenda kufunga ndoa na kurudi, na viza ya mchumba anayekusudia kubaki. Aliyeingia kwa ile ya kwanza hawezi kubaki baada ya harusi. Katika Uingereza na Wales umri wa ndoa ni miaka 18 tangu Februari 2023.

*Marekani.* Leseni ya ndoa hutolewa na karani wa kaunti au mji. Raia wa Marekani anayemwalika mchumba huwasilisha ombi la viza ya K-1. Kwa kawaida wachumba wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya ombi, na wafunge ndoa ndani ya siku 90 baada ya mchumba kuwasili. Picha, tikiti na ujumbe wa simu ni ushahidi, na visifutwe.

*Tanzania.* Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara inataka notisi ya siku 21. Zanzibar ina mfumo wake wa usajili, kwa hivyo anayeolewa Unguja au Pemba aulize huko huko. Ukaribu wa mpaka usimfanye mtu adhani hati hazihitajiki.

*Nchi za Ghuba.* Ndoa za Waislamu hufungwa mbele ya mahakama ya kisheria, na bibi harusi huhitaji walii au idhini yake iliyothibitishwa. Raia wa Saudi Arabia huhitaji kibali cha serikali yao kabla ya kuoa mgeni. Abu Dhabi ilipitisha sheria mwaka 2021 inayowaruhusu wasio Waislamu kufunga ndoa ya kiserikali. Wafanyakazi wa nyumbani walio huko wakumbuke kwamba ndoa isiyosajiliwa haiwalindi. Mtoto aliyezaliwa bila cheti cha ndoa cha wazazi hupata shida kusajiliwa, na bila usajili hapati pasipoti ya kurudi nyumbani na mama yake.

Ratiba inayofaa

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Miezi sita ni muda wa kutosha kwa watu wengi, ikiwa hakuna kesi ya talaka inayosubiriwa.

• Miezi 6 kabla: kupata orodha iliyoandikwa, kulinganisha majina, kuanza marekebisho au usajili wa kuchelewa, kuomba pasipoti.
• Miezi 4 kabla: kukusanya amri za mahakama na vyeti vya kifo, kuanza masomo ya lugha pale yanapohitajika.
• Miezi 3 kabla: kuomba cheti cha kutokuwepo kwa pingamizi na cheti cha maadili mema.
• Miezi 2 kabla: mihuri ya Wizara na ubalozi, tafsiri, ombi la viza. Kwa Ujerumani, Uingereza na Marekani ratiba yote isogezwe mbele zaidi.
• Tikiti hununuliwa viza ikishatoka.

Dalili za hatari

Ndoa ya kweli haina haja ya kufichwa. Mkazi achukue tahadhari iwapo:

• Mchumba au wakala anataka kushika pasipoti asili.
• Wakala anaahidi "cheti cha haraka" bila eCitizen wala stakabadhi.
• Mwombaji anaombwa kutia saini karatasi ya lugha asiyoielewa.
• Anaambiwa aseme uongo kwa afisa wa ubalozi kuhusu umri, kazi au sababu ya safari.
• Mchumba hajawahi kuonekana hata kwa video, na jamaa zake hawajulikani.
• Kuna pesa zinazolipwa kwa familia ili binti asafiri haraka.

Baadhi ya mambo haya ni ulanguzi wa binadamu, kosa chini ya sheria ya 2010 ya kupambana na ulanguzi huo. Yaripotiwe katika kituo cha polisi au kwa chifu. Afisa wa umma anayedai hongo aripotiwe kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi.

Kila anayesafiri aache nyumbani nakala ya pasipoti, viza, pasipoti ya mchumba na anwani kamili anakokwenda. Mtu mmoja wa familia anayeaminika awe nazo. Nambari za ubalozi wa Kenya katika nchi hiyo ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu inaweza kuibwa au kuchukuliwa.

Baada ya harusi

Kazi ya hati haimaliziki siku ya ndoa. Wenzi waombe nakala zaidi ya moja za cheti cha ndoa. Italia hutoa dondoo la cheti lililoandikwa kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo, ambalo hupunguza gharama ya tafsiri. Cheti kithibitishwe katika nchi kilikotolewa, kisha ndoa isajiliwe kwa Msajili wa Ndoa hapa Kenya. Usajili huo husaidia wakati wa kubadilisha jina kwenye pasipoti, kuandikisha watoto, kudai urithi au kufungua kesi mahakamani.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, Mkenya akiolewa na mgeni hupoteza uraia?*
Hapana. Ibara ya 13 ya Katiba inasema uraia haupotei kwa sababu ya ndoa wala kwa kuvunjika kwake. Kenya pia inaruhusu uraia wa nchi mbili, ingawa si kila nchi inauruhusu.

*Watoto watakaozaliwa kule watakuwa Wakenya?*
Ndiyo. Mtoto ambaye mama au baba yake ni raia wa Kenya ni raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa.

*Je, mwenzi mgeni anapata uraia wa Kenya mara moja?*
Hapana. Anaweza kuomba kusajiliwa baada ya ndoa kudumu angalau miaka 7. Kabla ya hapo, Ibara ya 65 inamruhusu kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99 pekee.

*Aliye tayari ng'ambo afanye nini?*
Awasiliane na ubalozi wa Kenya ulio karibu naye. Kiapo na maombi yake yanaweza kuanzia huko.

*Je, ni lazima ndoa ifungwe ng'ambo?*
Si lazima. Ndoa ya kiserikali inaweza kufungwa hapa Kenya baada ya notisi ya siku 21. Mchumba mgeni ndiye atakayeleta hati ya nchi yake kuonyesha kuwa hana pingamizi. Kisha cheti cha ndoa cha Kenya kinathibitishwa na kutumika katika ombi la viza ya mwenzi. Kwa mkazi ambaye hati zake hazijakamilika, au ambaye angependa wazazi wake washuhudie, njia hii huwa nafuu na salama zaidi.

*Msaada unapatikana wapi?*
Katika Huduma Centre, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, ofisi ya Kadhi kwa Waislamu, na ofisi za Msajili wa Ndoa. Msimamizi wa wadi anaweza kumwelekeza mkazi kwenye ofisi iliyo karibu bila malipo yoyote.